La Kushoto

Mama alinituma kwa simu, sauti ikikwaruza:
"Ukifika Tanga usiniletee machungwa,
hapa nayaona kila siku.
Niletee boflo la kwa Faraji Bahaji.
La kushoto."
Nikauliza, kushoto kwa nini?
Simu ikakatika, au aliikata.

Ngamiani, barabara ya kumi na tano, saa kumi na moja kasorobo.
Pua ilinifikisha kabla ya namba.
Nje, baiskeli sita zimeegemea ukuta,
kila moja na tenga lake tupu mgongoni,
na wenyewe wamechuchumaa, wanabishana
kuhusu penalti ya juzi.

Ndani kuna joto la namna yake,
si la jua, si la homa:
la mtu aliyetoka kuamka akakukumbatia.

Athmani anakanda. Unga umempanda hadi kwenye kope.
Hasemi. Analipiga donge
kama anayemwamsha mtu aliyechelewa kazini.
Nurdini, miaka tisa, anakata vinyunya kwa kisu kisicho na mpini,
anavipima kwa kiganja;
kimoja akakitilia shaka, akakimega,
kile kimego akakila kibichi.
"Tumbo litaumuka," bibi yake akasema bila kugeuka.

Bibi ni Bi Mwanaisha. Kakalia debe.
Noti anazitia kwenye kopo la maziwa,
chenji anaitoa kwenye pindo la kanga.

Na Mwanakombo ndiye mwenye upondo.
Wenyewe huuita hivyo, ingawa hakuna mtumbwi:
mti wa mvinje, mrefu kuliko chumba,
ndiyo maana ukuta umetobolewa.
Kila akivuta mikate, ncha hutokea kichochoroni,
na wapita njia wameshazoea kuinama.

Nikasema nataka moja. La kushoto.

Mikono ikasimama, hata ya Athmani.
"Nani kakutuma?"
Nikamtaja mama, Mwanajuma binti Hatibu,
aliyekuwa akishona mapazia nyumba ya kona.
Bi Mwanaisha akacheka kwanza,
kisha akafuta jicho kwa pindo lilelile la chenji.

Tanuri hili, akasema, alilijenga marehemu
kwa udongo, chumvi na vipande vya chupa.
Miaka thelathini na moja halikupoa.
Sikukuu halikupoa. Mafuriko halikupoa.
Mwaka wa foleni, unga hakuna, tulilichomea kuni tupu
lisije likasahau.
Alipokufa tukalizima. Siku tatu za matanga.
Nani angeoka? Nani angekula?
Usiku wa tatu tukasikia mlio,
kama mtu anajivunja vidole.
Limepasuka, ubavu wa kushoto,
toka sakafuni hadi mdomoni.

Tangu hapo kushoto moto hauna adabu.
Mikate ya huko hutoka na mstari mweusi mgongoni.
Tulitaka kuitupa.
Mama yako akasimama hapo ulipo, akasema, nipeni huo.
Akalipa bei kamili.
Kesho yake akaja na jirani.
Fundi amekuja mara mbili kuziba ufa;
mara mbili wateja wamemrudisha kwao.

Mwanakombo akavuta upondo.
Nje mtu akasema, "Subhanallah!" akainama.
Akatoa boflo, akaligonga tumbo kwa kifundo, akasikiliza,
akalifunga kwenye ukurasa wa matokeo ya mpira.
Hawakunipunguzia hata senti.
Nikashukuru.

Dar, jioni, mama hakuuliza habari za safari.
Akafungua gazeti,
akapitisha kidole gumba juu ya ule mstari,
akarudi nao, akapita tena.
"Bado wanainama pale kichochoroni?"
Nikasema bado.
Akamega penye weusi, akala.
Mimi akanipa upande mweupe.